Spika kubwa haiponyi rekodi mbovu

KATIKA maduka ya vifaa vya muziki, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, spika hujaribiwa kwa njia ileile. Muuzaji huchomeka flashi, huchagua wimbo wenye besi nzito, hupandisha sauti mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, na mteja anaridhika. Malipo yanafanyika, mzigo unafungwa, na safari ya kwenda Tunduma, Namanga, Mutukula au Kasumbalesa inaanza.

Shida huja spika ikishafika sebuleni kwa mnunuzi. Tuseme ni mzee mstaafu anayependa taarab ya asili, ile ya fidla nyingi, udi, ganuni na akodiani. Anachomeka flashi aliyojaziwa nyimbo na kijana wa mtaani. Fidla zinasikika kama bati linalokwaruzwa, ganuni haipo kabisa, na besi inavuma bila kueleweka inapiga noti gani. Kesho yake mzee yuko mlangoni kwa muuzaji na boksi mkononi: spika mbovu.

Mfanyabiashara anabadilisha, au anarudisha fedha, au wanagombana. Katika hali zote tatu hasara ni yake, tena hasara ya mzigo ambao ameshaulipia usafiri na ushuru. Na huenda ile spika haina kosa lolote. Kosa liko kwenye rekodi.

Makala haya yanaeleza jambo ambalo wauzaji wachache humwambia mteja: kinachopotea wakati wa kurekodi au wakati wa kunakili hakirudishwi na kifaa chochote cha nyumbani, hata kiwe cha bei gani. Na hakuna muziki unaoonyesha ukweli huo wazi kama muziki wa okestra.

KWA NINI OKESTRA NI MTIHANI

Wimbo wa kisasa wa dansi hutengenezwa studio kwa namna ambayo sauti yake haipandi wala kushuka sana. Unaanza kwa nguvu na kuisha kwa nguvu. Spika ya kawaida inaumudu, na hata ikinakiliwa vibaya bado miguu itacheza.

Okestra ni habari nyingine. Okestra kubwa ya kimagharibi huwa na wanamuziki 80 hadi 100. Kuna wakati fidla moja inapiga peke yake kwa sauti ya kunong'ona, na dakika chache baadaye tarumbeta, ngoma na matoazi vinalipuka pamoja. Tofauti kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa inaweza kuzidi desibeli 60. Kwa kawaida sikio huhisi kila ongezeko la desibeli 10 kama sauti imekuwa maradufu. Piga hesabu hiyo mara sita, ndipo utaona ukubwa wa safari.

Mfano mzuri ni Boléro ya Mfaransa Maurice Ravel, iliyopigwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1928. Inaanza na ngoma ndogo inayosikika kwa mbali, kisha filimbi. Tuni ileile inarudiwa tena na tena, kila mara vyombo vikiongezeka, kwa takriban robo saa, mpaka okestra nzima inanguruma. Muziki wote uko katika kupanda huko. Rekodi ikishindwa kuonyesha mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, kilichobaki ni tuni moja inayojirudia, na msikilizaji ana haki ya kuchoka.

Taarab ya okestra, kama inavyopigwa na Ikhwani Safaa iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, au na Culture Musical Club yenye mizizi ya mwaka 1958, haina wapigaji wengi kiasi hicho. Lakini mtihani wake ni uleule. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 na kila uzi hudonolewa kwa haraka. Nai hupuliziwa pumzi laini. Fidla kadhaa hupiga mstari mmoja, kila mpigaji akiuremba kidogo kwa namna yake. Chini yao kuna besi na dumbaki. Bashraf, yaani kipande cha vyombo vitupu kinachofungua hafla, hakina mwimbaji wa kukificha. Vyombo vikichanganyika vikawa uji, hakuna cha kusikiliza.

ENZI YA PEMBE

Wanaodhani kwamba tatizo hili lilianza na flashi wanapaswa kurudi nyuma miaka zaidi ya 100.

Hadi mwaka 1925, kurekodi kulifanyika bila umeme. Wanamuziki walisongamana mbele ya pembe kubwa ya chuma iliyokusanya sauti na kuitikisa sindano, na sindano ikachora mfereji kwenye nta. Pembe hiyo haikuzisikia vizuri sauti nene za chini wala zile nyembamba za juu. Mafundi wakatafuta njia za kuidanganya. Mara nyingi besi kubwa za nyuzi ziliondolewa na mahali pake likawekwa tuba, pembe la shaba lenye sauti nzito. Fidla za kawaida zilibadilishwa kwa fidla maalumu za Stroh, zilizofungwa pembe ya chuma ili sauti yake ielekee kwenye mtambo.

Mwaka 1913, Arthur Nikisch aliiongoza Berlin Philharmonic kurekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven katika hali hiyo. Ni kazi ya nusu saa hivi, lakini upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne au zaidi kidogo tu. Kwa hiyo simfoni ilikatwa vipande vinane. Msikilizaji nyumbani aliinuka kila baada ya dakika chache kubadilisha santuri na kukoleza kinanda chake. Muziki ulioandikwa usikilizwe kwa mfululizo ukawa muziki wa kuinuka na kukaa.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Ubora wa rekodi si usafi wa sauti peke yake. Urefu wake, mahali inapokatwa, na vyombo vilivyoruhusiwa kuingia studio, vyote humwambia msikilizaji muziki huo ni kitu gani.

Pwani yetu inalijua hilo. Mwaka 1928, mwaka uleule wa Boléro, Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu kipaza sauti cha umeme kianze kuchukua nafasi ya pembe katika kurekodi muziki. Kundi lake lilikuwa dogo: sauti, udi, fidla na ngoma za mkono. Nyimbo ambazo kwenye hafla ziliweza kurefushwa kadiri watunzaji walivyosimama, zililazimika kuingia katika dakika chache za upande wa santuri.

Santuri hizo zilivuka bahari na mipaka, zikachezwa majumbani na kwenye mikahawa ya pwani. Kwa wengi ambao hawakuwahi kumwona Siti, taarab ikawa kile kilichosikika kwenye santuri: sauti ya mwimbaji mbele, vyombo nyuma, na mkwaruzo wa sindano juu ya vyote. Kizazi kizima kilizoea kusikiliza maneno na kuvisamehe vyombo. Tabia hiyo ipo hadi leo. Muulize mpenzi wa taarab kuhusu wimbo anaoupenda. Atakupa beti zote, lakini huenda hajawahi kusikia besi ilikuwa inafanya nini.

SANTURI NDEFU NA KANDA

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ndefu inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika 20 na zaidi. Simfoni ya Beethoven ikaingia kwenye santuri moja. Mwaka 1958 santuri za stirio, yaani zenye njia mbili za sauti, kushoto na kulia, zikaenea madukani. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa kitini nyumbani aliweza kusikia kwamba fidla za kwanza ziko kushoto na besi ziko upande mwingine.

Kampuni ya Decca ya Uingereza ilipata sifa kubwa kipindi hicho kwa mbinu ambayo inaelezeka kwa urahisi: vipaza sauti vitatu vilivyotundikwa kwa umbo la herufi T juu ya kichwa cha kiongozi wa okestra, katika ukumbi wenye mwangwi mzuri. Hawakutegemea tu kuweka kipaza sauti mdomoni mwa kila chombo. Walirekodi okestra pamoja na hewa ya ukumbi. Kati ya mwaka 1958 na 1965 walirekodi jijini Vienna opera nne za Richard Wagner zinazoitwa Ring, chini ya Georg Solti. Mpaka leo watu hununua rekodi hizo, ingawa vifaa vya kusikilizia vimebadilika mara nyingi tangu wakati huo.

Hilo ni somo la pili: rekodi nzuri huishi kuliko kifaa. Kanda iliyorekodiwa vizuri miaka 60 iliyopita inaweza kuhamishwa leo ikasikika upya. Iliyorekodiwa vibaya jana itabaki mbovu milele.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na studio zake. Radio Tanzania Dar es Salaam na Sauti ya Kenya zilirekodi bendi na vikundi kwenye kanda kubwa za studio. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri, na bendi kutoka Tanzania zilivuka mpaka kwenda kurekodi huko. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukabaki umefungwa hadi 1983, biashara ya muziki nayo iliumia pamoja na biashara ya mahindi na vitenge.

Kisha kaseti ikatawala. Kaseti ilianzishwa na Philips mwaka 1963, na kwa mfanyabiashara ilikuwa baraka: nyepesi, rahisi, haivunjiki kama santuri, na mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kuinakili. Lakini tazama vipimo. Kanda ya studio husafiri sentimita 38 kwa sekunde. Kaseti husafiri chini ya sentimita 5 kwa sekunde, na utepe wake una upana usiofika milimita 4. Sauti ileile inabanwa mahali padogo zaidi, na mvumo wa utepe wenyewe unasikika kila muziki unaposhuka.

Kila nakala iliongeza mvumo wake. Kaseti iliyotolewa kutoka kwenye kaseti iliyotolewa kutoka kwenye kaseti nyingine ilifika Bujumbura au Lubumbashi ikiwa imepoteza sauti nyembamba karibu zote. Fidla ilibaki kivuli. Watu waliipenda hivyohivyo, kwa sababu hawakuwa na nyingine.

KUTOKA SIDII HADI FLASHI

Sidii ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982 iliondoa mvumo na mkwaruzo. Inabeba dakika 74, na tofauti kati ya kimya na kishindo inayoweza kuonyesha ni takriban desibeli 96, zaidi ya mahitaji ya okestra yoyote. Zaidi ya hayo, nakala ya kumi iliyofanywa sawasawa ni sawa na ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Uingereza ya GlobeStyle ilikuja Zanzibar na kurekodi mfululizo wa taarab, wakiwemo Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Ukizisikiliza rekodi za namna hiyo kwenye chombo cha wastani, utasikia udi ni udi na ganuni ni ganuni.

Lakini faili la sidii ni zito, na hapo ndipo MP3, iliyotengenezwa na wahandisi wengi wao wa Kijerumani na kuenea katika miaka ya 1990, ilipopata soko. Hesabu yake inafaa ieleweke na kila anayeuza flashi zenye nyimbo.

Dakika moja ya sidii inachukua takriban megabaiti 10. Dakika moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inachukua kama megabaiti 1. Maana yake, sehemu kama tisa kati ya kumi za taarifa zimetupwa. Programu huchagua cha kutupa kwa kukadiria kile ambacho sikio halitakikosa. Kwa wimbo wa sauti moja na gita, makadirio hayo ni mazuri, na wengi hawatagundua. Kwa okestra, ambapo vyombo vingi vinalia pamoja kwenye sauti zinazokaribiana, programu inaelemewa. Matoazi yanaanza kusikika kama maji yanayochuruzika. Mdono wa ganuni unapoteza ncha yake. Mwangwi wa ukumbi, ambao ndio unaokufanya uhisi umekaa mbele ya wapigaji, unakatika.

MP3 ya kilobiti 320 ni afadhali sana. Inachukua takriban megabaiti 2.4 kwa dakika. Kuna pia FLAC, ambayo hubana faili hadi kama nusu ya ukubwa wa sidii bila kutupa chochote. Bashraf ya dakika 10 ni megabaiti 100 hivi kwenye sidii, 50 kwa FLAC, 24 kwa MP3 ya 320, na 10 kwa MP3 ya 128.

Zamani ubanaji huo ulikuwa wa lazima kwa sababu flashi zilikuwa ndogo na ghali. Leo flashi ya gigabaiti 32 ni bidhaa ya kawaida. Inaweza kubeba zaidi ya saa 100 za FLAC. Hakuna sababu ya kibiashara ya kuendelea kumjazia mteja nyimbo 5,000 zilizobanwa mpaka zikakosa pumzi, wakati atasikiliza 50.

Na kuna udanganyifu wa kuangalia. Mtu huchukua faili la 128, akaligeuza kwa kompyuta liwe 320, akaliuza kama la ubora wa juu. Faili limekuwa kubwa, lakini kilichotupwa hakikurudi. Ni sawa na kuongeza maji kwenye maziwa: ndoo imejaa, lakini maziwa ni yaleyale.

SEBULENI

Tukubali pia kwamba spika ina kazi yake. Spika ndogo za Bluetooth zinazouzwa kwa wingi zina koni yenye upana wa sentimita chache, nayo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nene za chini. Sikio la binadamu kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Noti ya chini ya besi ya okestra iko karibu na hezi 40. Spika ndogo inaipoteza, au inaidokeza tu. Nyingi pia hutoa njia zote mbili za stirio kutoka kwenye boksi moja, kwa hiyo kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja. Aidha, Bluetooth ya kawaida huibana sauti kwa mara nyingine wakati wa kuirusha. Faili lililokwisha kubanwa linabanwa tena.

Sabufa kubwa nayo ina shida zake. Nyingi hutengenezwa ili zigonge kwa nguvu sehemu moja ya besi, kwa sababu ndiyo inayouza dukani. Ukipigia okestra, chelo na besi zote zinageuka mngurumo mmoja. Na maandishi ya wati kwenye boksi yasikutishe. Herufi PMPO zilizoandikwa pembeni ya maelfu ya wati hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Tafuta iliyoandikwa RMS, ambayo huwa ndogo lakini ya kweli. Kumbuka pia kwamba kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukiona kuwa nyongeza ndogo.

Nyumba yenyewe ni chombo cha muziki. Chumba cha sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya bati hurudisha mwangwi mkali unaofunika sauti laini. Zulia, pazia zito na makochi husaidia kuliko wati 500. Feni, jenereta la jirani na bodaboda barabarani vinaweza kufikisha kelele ya sebule desibeli 40 au 50, na mwanzo wote wa Boléro ukazama humo. Ndiyo maana wengi hupandisha sauti mwanzoni, kisha hukimbilia kitufe kuishusha tarumbeta zinapoingia. Kusikiliza okestra ni kazi ya usiku, mji ukishatulia.

Hata hivyo, ukilinganisha, rekodi hutangulia. Rekodi nzuri kwenye spika mbili za wastani, zilizowekwa mbalimbali kiasi cha mita mbili, humpa msikilizaji zaidi ya rekodi mbovu kwenye mtambo wa bei mbaya. Tena mtambo mzuri huzidisha aibu ya rekodi mbovu, kwa kuwa unaonyesha kila doa.

KIPIMO CHA MFANYABIASHARA

Kwa anayekwenda kununua mzigo Dubai, Guangzhou au Kariakoo, yapo mambo machache ya kufanya ambayo hayana gharama.

Kwanza, beba flashi yako mwenyewe ya kujaribia. Usikubali wimbo wa muuzaji. Weka vipande vitatu vilivyotolewa moja kwa moja kwenye sidii halali: bashraf moja, kipande kimoja cha okestra kubwa kama Boléro, na wimbo mmoja wa sauti ya mtu na ala chache. Vifahamu vizuri mpaka ujue kila chombo kinaingia lini.

Pili, jaribu kwa sauti ndogo. Kwa sauti kubwa kila spika inavutia. Kwa sauti ndogo, spika nzuri bado itakuonyesha ngoma ndogo na filimbi, mbaya itanyamaza.

Tatu, sikiliza kama unaweza kufuata besi noti kwa noti. Kama inavuma tu bila kubadilika, mteja wako wa taarab, rumba au kwaya atarudi.

Nne, unapouza, muulize mteja anasikiliza nini na nyimbo zake zinatoka wapi. Mpigie mafaili mawili ya wimbo uleule, moja la 128 na jingine la sidii, kwenye spika ileile. Jaribio hilo la dakika mbili litamfundisha kuliko maelezo ya saa nzima, na akipata shida nyumbani ataanza kukagua flashi kabla ya kukulaumu.

Tano, ukitilia shaka faili, zipo programu za bure zinazochora picha ya sauti. Faili linalodai kuwa 320 lakini picha yake imekatika ghafla karibu na hezi 16,000 lina uwezekano mkubwa kuwa lilikuwa 128.

Biashara ya aina hii hujengwa juu ya mteja anayerudi kununua, wala si anayerudi kudai. Mfanyabiashara anayejulikana kwa kusema ukweli kuhusu sauti hana haja ya kushindana kwa bei na kila anayetandika turubai stendi.

NAKALA YA KWANZA IKO WAPI

Liko jambo kubwa kuliko spika iliyorudishwa dukani. Kanda za redio zetu za taifa, za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na kwingineko, zilirekodiwa kwa vifaa vya hadhi na mafundi waliojua kazi. Kanda huzeeka. Gundi yake hulegea, joto na unyevu wa pwani huila, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Kila kanda inayokufa kabla ya kuhamishwa vizuri inaacha nyuma yake nakala za kaseti na MP3 za mtaani, na hizo ndizo zitakazokuwa ukweli pekee kwa watoto wetu.

Tayari inatokea. Kijana wa Mombasa, Kigoma au Muscat anayetafuta taarab ya babu yake mtandaoni hukuta faili lililotoka kwenye kaseti iliyochoka, likabanwa, likapakiwa, likapakuliwa, likabanwa tena. Akilisikia anadhani muziki wa zamani ulikuwa dhaifu. Haujawahi kuwa dhaifu. Alichokisikia ni mabaki yake.

Kuwahamisha wasanii wa leo kutoka kwenye mkondo huo inawezekana. Mjini Kinshasa, Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste iliyoanzishwa mwaka 1994 imejengwa na watu wa kazi za kawaida, huku nota zikinakiliwa kwa mkono. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika jengo la zamani la forodha pale Forodhani, kimefundisha vijana ganuni, udi na fidla tangu mwaka 2002. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wapigaji hawa walijikuta ndani ya soko moja. Wapigaji tunao. Kinachohitajika ni ukumbi tulivu, vipaza sauti vizuri vichache, fundi mwenye sikio, na mtu wa kubeba rekodi hiyo kuvuka mpaka bila kuiua njiani.

Huyo wa mwisho ni mfanyabiashara. Watu wa forodha hukagua uzito, thamani na asili ya bidhaa, lakini hakuna anayekagua kama ganuni bado inasikika. Kazi hiyo imebaki kwa anayenunua na anayeuza. Flashi iliyojazwa kwa uangalifu, kutoka kwenye sidii iliyonunuliwa kihalali ili mwanamuziki naye apate chake, ina uzito uleule mfukoni kama ile iliyojazwa hovyo, na hupita Namanga kwa urahisi uleule. Tofauti yake itasikika usiku huo, mzee atakapoketi sebuleni, akapunguza sauti, na bado akaisikia ganuni.